Kuleta mbwa ya pili ku nyumba bila vita mu parseli

Kama uko na mbwa ku nyumba hapa Goma na unataka kuleta ya pili, usimupitishe ule mpya ku portaye direkti, hii njo kitu ya kwanza. Tunajua vile inaendaka: mutu anapewa mbwa na rafiki wa Himbi mwenye anahama, anamufunga kamba, anamuweka mu gari, anafika ku nyumba anapiga honi, sentineli anafungua, na Bobi mwenye anachunga parseli toka myaka na myaka anaruka sawa vile ameona mwizi. Batu banapiga makelele, mwenye nyumba anakamata fimbo anamuchapa Bobi, ule mpya anakimbilia chini ya gari. Kutokea hapo kazi inakuwa nguvu kabisa, juu Bobi ameshajifunza kitu moja tu: huyu mugeni akionekana, mimi napigwa.

Na tuseme ukweli, Bobi hakukosa. Mbwa mingi ya hapa kwetu beko ku kazi. Unamulisha juu abweke usiku, juu mutu hajui asiruke ukuta, na kila mara alikatalia mugeni ku portaye ulimusifu, pengine ulimutupia na kipande ya nyama. Leo unaleta mugeni, tena mbwa, na unataka amupokee na mukia. Yeye anafanya tu kazi ile ulimufundisha. Ukishaelewa hii mambo mingine yote inafwata yenyewe: hauko hapo kumulazimisha apende mwenzake, uko hapo kupanga vitu juu asimuone kama mwizi, mapendo itakuya nyuma ao haitakuya, na hata kama haiji banaweza kuikala pamoja muzuri tu.

Kuko benye banasemaka "bafungulie, bapigane, mukubwa atajulikana, kiisha basi". Hapana. Ile fikra ya mukubwa na mudogo ilitoka ku uchunguzi ya mbwa mwitu (bale Wafaransa banaitaka loup) zenye zilifungiwa pamoja mu lupango bila kujuana, na hata David Mech, mutafiti Mmarekani mwenye alisaidia kuieneza, aliandika mu 1999 kama mu pori mbwa mwitu beko familia tu, baba, mama na batoto, hapana batu ya kupigania kiti. Mbwa mbili zenye zilianza na vita zinabakia na kumbukumbu ya ile vita. Na ukihesabu feza ya veterineri na dawa ya vidonda, haina hata faida.

Afya mbele ya urafiki

Hapa mbwa mingi inatembea toka mikono ya mutu mpaka ya mwengine bila karne (kale kakitabu) ya vaksini. Mwenye anakupa akikuambia "alishachomwa yote", omba karne uangalie tarehe, kama haina karne uhesabu sawa hajachomwa. Vaksini ya kichaa cha mbwa inatolewaka kuanzia miezi tatu, kiisha inarudiliwa kufwatana na vile veterineri atakuandikia, na angalia pia karne ya Bobi juu mara mingi unakuta wewe unauliza ya mugeni na ya kwako ilishapita zamani. Hii si kitu ya kuchezea, karibu batu bote benye banakufaka na kichaa duniani baliumwa na mbwa, mpaka 99 ku 100, na dalili zikishaonekana ku mutu karibu hakuna mwenye anapona. Ule ugonjwa unaweza kulala mu mwili wiki mingi ao miezi, njo maana mbwa umeokota ku barabara anaweza kuonekana muzima kabisa siku unamuleta. Akikuuma wewe ao mutoto, osha kidonda na sabuni na maji yenye kutiririka dakika 15, uhesabu bien, kiisha hospitali siku ile ile. Usingoje kwanza kuona kama mbwa atagonjwa.

Ingine ni parvo, ile inauaka batoto ya mbwa na kuhara damu. Virusi yake inaweza kukaa mu udongo miezi mingi, hata kufika mwaka, na sabuni ya kawaida haiiui, inataka javeli ya kuchanganya na maji. Kwa hiyo ule mpya anakaa fasi yake peke yake siku kumi mpaka wiki mbili, na sahani yake, na mavi yake unazoa kila siku. Umupe dawa ya minyoo, umutoshe kupe na viroboto, na Bobi pia umupe, juu ukitibu moja tu kupe zitahama tu.

Najua wiki mbili inaonekana ndefu, lakini hazipotei, juu ile wakati bote mbili banasikilizana nyuma ya ukuta ya mbao, banajuana harufu, banazoea sauti. Nusu ya kazi inafanyika wewe ukiwa unakunywa chai.

Neno juu ya kuchagua, kama bado haujamukamata ule mpya. Dume na jike kwa kawaida banaelewana haraka kuliko dume mbili ao jike mbili, na jike mbili zikichukiana ni mbaya kabisa, mara mingi haiishe. Lakini ukiweka dume na jike bila kuhasi, hesabu: jike anaingia mu joto karibu mara mbili ku mwaka, inachukua wiki mbili mpaka tatu, mimba siku 63 hivi, na batoto sita ao nane utabapeleka wapi? Veterineri anaweza kuhasi, uliza bei mbele. Na usijaribu kabisa kukutanisha mbwa wakati jike eko mu joto, hata jike ya jirani, juu madume yote ya kartie banakuwa sawa balikunywa.

Harufu mbele ya macho

Mutu eko na vipokezi vya harufu karibu milioni 5 ao 6 mu pua, mbwa anaweza kufikisha milioni 300. Maana yake Bobi anaweza kumujua mwenzake mbele ya kumuona, kama unamusaidia. Kamata kipande ya kitenge ya zamani, muparuze ule mpya ku mashingo na ku mgongo, kiisha kiweke chini karibu na fasi Bobi anakuliaka. Usimubandikie ku pua, aende mwenyewe. Akinusa na kuendelea kula, muzuri. Akinusa, akasimamisha nywele za mgongo na akakojolea juu, si mbaya sana, rudilia kesho na usogeze kile kitambaa mbali kidogo na sahani. Fanya hivyo pia kwa ule mpya na kitambaa ya Bobi. Zile wiki mbili zikiisha unaweza kubabadilisha na fasi: Bobi afungwe kidogo mu kanyumba ya mugeni, mugeni atembee mu parseli anuse kila kona, kiisha kila mutu anarudi fasi yake.

Ukuta ya kutenganisha haiombe pesa. Mbao za zamani, matole, hata bidoni zenye kujaa maji zikipangwa muzuri mu kona ya parseli. Kitu ya maana ni ku mwanzo basionane, juu mbwa mbili zenye zinaangaliana siku muzima kupitia katobo ya ukuta zinapandisha hasira polepole na wewe haujui.

Mukutane inje, mbali na portaye

Siku ya kukutana kwenyewe munaenda ku fasi yenye si ya mutu, hapana mbele ya nyumba, hata avenu yenu Bobi anaonaka ni yake. Munakuwa batu mbili bakubwa, kila moja na mbwa yake ku kamba ya nguvu. Sasa hapa Goma kutembeza mbwa ku kamba ni sinema, batoto batafwata, motari atapiga honi kusudi, kuko mwenye atatupa jiwe. Njo maana ninapendaka siku ya yenga asubui, wakati batu bengi beko mu kanisa na barabara inapumua kidogo. Tafuta fasi pana, kiwanja ya mupira yenye haina mutu ao avenu pana ya lami. Na uangalie chini, mawe ya volkano yanakataka miguu, mbwa mwenye anaumia miguu anakuwa na hasira na utafikiri ni mwenzake anamukasirisha.

Jambo moja benye banatoka mbali habajue: kama uko upande ya ziwa, kuelekea Sake, epuka mabonde na mashimo yenye iko chini, hasa asubui mapema na usiku bila upepo. Kule kunakaaka mazuku, gazi ya karboniki yenye inatoka mu udongo na juu ni nzito kuliko hewa inalala chini. Mutu wa kusimama anaweza kupita bila kujua kitu, na mbwa mwenye pua yake iko ku goti yako anaanguka. Ukiona ndege ao wadudu benye kufa mu kashimo, rudi nyuma, hapana kuingia kutafuta mbwa.

Basi munaanza mbali, mita 15 hivi ao zaidi, munatembea upande moja, sambamba, sawa batu benye banaenda soko moja lakini habajuane. Hapana uso kwa uso. Mbwa mbili kukaribiana direkti macho ku macho ni matusi kwao. Munatembea, munasimama, munatembea, na kila mara Bobi akimuangalia mwenzake kiisha akageuza kichwa yeye mwenyewe, unamupa kasambaza moja ya kukauka. Sambaza njo bei rahisi na inanukia nguvu, weka mu mufuko ya plastiki. Munapunguza umbali polepole kama bote beko muteke, na kama moja anaanza kuvuta na kubweka munarudisha umbali, bila kupiga makelele. Kamba iregee. Hii ni nguvu juu mukono ya mutu mwenye kuogopa inavuta yenyewe, lakini kamba ikikaza mbwa anajua kuko hatari, na anajibu vile.

Wakati banatembea mita moja ao mbili bila shida unaweza kuwaachia banusane. Bakaribiane kwa kuzunguka, pua ku matako, sekunde tatu hivi, kiisha unaita kwa sauti ya furaha na munaendelea kutembea. Kiisha tena. Ile sekunde tatu ni ya lazima, juu vita mingi inaanzaka wakati kunusa kumerefuka na hakuna mwenye anajua vile ya kutoka.

Sasa vile ya kuangalia. Batu banasema mukia ikitingika mbwa anafurahi, si kweli kila saa. Mukia yenye kusimama juu, ngumu, inatingika kidogo na haraka, hiyo ni onyo. Mukia ya kuregea yenye inatingisha na matako yote, hiyo ni furaha. Mbwa mwenye kuganda, mdomo imefungwa, haheme, macho inaonyesha nyeupe ku kando, umutoshe hapo hapo, hata kama hajanguruma. Kujilamba pua mara mingi, kupiga mihayo bila usingizi, kugeuza kichwa, hizo ni vile anasema "mi sitaki makelele", inapendeza, lakini ikizidi amechoka, muende nyumbani. Na akiinamisha mikono ya mbele chini, matako juu, hapo umepata, anaomba muchezo.

Kunguruma pia. Hii batu bengi banaharibu, mbwa ananguruma, banamupiga. Kunguruma ni vile anasema sogea. Mbwa mwenye alipigwa juu ya kunguruma anaacha kunguruma, lakini hasira haijaisha, siku ingine anauma bila kuonya, na kwenye nyumba yenye batoto hiyo njo mbwa mubaya kuliko yote. Akinguruma ongeza umbali, hakuna kingine.

Kuko faida ingine ya kumuzoesha mbwa kamba na barabara. Mu Januari 2002 volkano ilikimbiza mji, mu Mei 2021 tena, mu Januari 2025 ilikuwa vita. Kila mara batu banabeba matela na batoto, na mbwa mwenye hajawahi kutembea ku kamba anabakia, juu hakuna mwenye atapigana naye saa hiyo. Mbwa mbili benye banatembea sambamba bila makelele, hao unaweza kuondoka nao.

Kuingia mu parseli

Munatoka ku matembezi, bote bamechoka kidogo, ni saa muzuri ya kuingia. Bobi anabakia inje na mutu wake, mita kadhaa mbali na portaye. Ule mpya anaingia kwanza, anazunguka, ananusa, anakojoa. Kiisha Bobi anaingia, anamukuta mwenzake ameshakuwa ndani. Batu banashangaaka: si ni Bobi mwenye nyumba, aingie wa kwanza? Hapana, ukimuingiza wa kwanza anageuka, anasimama ku portaye na anaanza kazi yake ya kukatalia. Mwenye anatoka inje na kukuta kitu ndani hana portaye ya kuchunga.

Mbele ya hiyo ulishatosha sahani zote, mifupa yote, mpira, ile gunia Bobi analaliaka. Kamba babakie nazo ku mashingo zikivutika chini, juu kama kuko shida unakanyaga kamba, hauingize mukono. Muikale nao inje, mupige masolo, batoto babakie ndani ao babebwe. Nusu saa inatosha siku ya kwanza. Kiisha kila mutu fasi yake nyuma ya mbao. Kesho tena.

Kama uko mu parseli yenye bapangaji bengi, zunguka uongee na kila mulango. Shida yako haiko jirani mubaya, shida yako ni mama muzuri mwenye saa kumi na mbili ya magaribi anatupa mabaki ya bugali na mifupa katikati ya parseli sawa alivyozoea, na mbwa mbili banafika pamoja.

Chakula, kwani mara mingi vita ni hapo

Bobi alikuwa na sahani moja, sufuria ya zamani, na hakuna mwenye alimugombania. Toka leo sahani mbili, fasi mbili, ku mwanzo basionane kabisa, moja nyuma ya nyumba na moja ku portaye. Mutu mukubwa anasimama pale. Wakimaliza unaokota sahani bote mbili hata kama kuko chakula imebaki, juu sahani ya wazi ndani ya parseli inakuwa kitu ya kuchunga. Mwenye anakula haraka usimuachie aende kuangalia mwenzake anakula. Nani anakula kwanza? Mimi ninaanzaka na wa zamani, si juu ya ukubwa, ni juu anaona siku yake haijaharibika: saa ile ile, mutu ule ule, anasalimiwa mbele. Mbwa anapenda programu.

Mifupa, hapana mu wiki za kwanza. Hata mbwa benye banapendana banaweza kupasuana juu ya mufupa moja. Kama unapenda kabisa kuwapa, kila mutu afungiwe fasi yake, na isiwe mifupa ya kuku ya kupika, inavunjika na kuwa na ncha inatoboa matumbo. Maji pia weka baseni mbili, tatu ni muzuri zaidi, iko rahisi.

Na kuko kitu ingine banagombaniaka kuliko chakula: wewe. Bobi amelala ku miguu yako, mugeni anakuya kuweka kichwa ku goti, Bobi anainuka. Usimusukume Bobi na usimuchekee mugeni. Inuka tu wewe, tembea, ile kitu ya kugombania imeondoka. Kiisha utafute wakati wa kila moja peke yake, hata kidogo, unamutosha kupe unaongea naye.

Usiku na sentineli

Hapa hatufanane na ile ya Wazungu benye mbwa yao inalala ku kitanda. Mbwa yetu mchana anafungwa, usiku anafunguliwa, na hapo njo hatari, giza, kurant imekatika, kitu inaanguka ku ukuta ya jirani, Bobi anaruka na hasira yote, na mwenye anapata karibu ni ule mpya. Mbwa mwenye amepandishwa na kitu hawezi kufikia anaweza kugeukia mwenzake. Wiki za kwanza usibafungulie pamoja usiku. Bobi afanye kazi yake sawa zamani, mugeni alale mu kanyumba yenye kufungwa muzuri. Ukiona mchana beko muteke siku mingi zikifwatana, anza kubaachia pamoja magaribi wakati ungali macho, kiisha usogeze saa.

Na usifunge moja ku cheni na kuachia mwengine huru. Mwenye kufungwa hawezi kukimbia, anajua, kwa hiyo anashambulia wa kwanza. Ao mwenye huru anamuchokoza siku muzima mpaka ule wa cheni anakuwa mukali kwa kila mutu. Bote huru na mutu anaangalia, ao bote bafungwe kila mutu fasi yake.

Hii yote haina maana kama sentineli hajui. Yeye njo eko nao usiku muzima, yeye njo anawasha makala anachoma mahindi na kutupia moja kipande. Mueleze mbele mbwa haijafika, umuonyeshe ile mbao, umuambie nani anafungwa saa ngapi, asimupige mwenye ananguruma. Na umusikilize, juu asubui atakuambia vitu haukuona. Sentineli mwenye anapenda Bobi tu na kumufukuza mugeni, Bobi anaona, na anafwata.

Kama ni katoto ya mbwa

Hapo ni rahisi na ni nguvu. Rahisi juu mbwa bengi bakubwa banavumilia katoto. Nguvu juu katoto ya miezi tatu eko na meno sawa sindano, hajui adabu, anauma masikio ya muzee siku yote. Muzee akimugurumia, akimubandika chini kidogo bila kumuumiza, achia, anamufundisha kitu wewe hauwezi kumufundisha. Ila muzee awe na fasi katoto haifiki, mesa ya zamani, ngazi, kona yenye mbao ya chini. Kama muzee ni muzee kweli, anaumwa ku nyonga, anachechemea asubui, umuache apumzike mara mingi ku siku, maumivu inageuza mbwa mupole kuwa mukali. Na usiache katoto na mbwa mukubwa peke yao, tofauti ya uzito ni mingi, kuuma moja ya bahati mbaya inatosha.

Wakipigana

Usiingize mukono, usikamate mashingo. Hata mbwa yako mwenye anakupenda atakuuma hapo bila kujua ni wewe. Ndoo ya maji ku kichwa, bote. Haina maji, gonganisha vifuniko vya sufuria karibu na masikio, ao tumbukiza mbao, tole, blanketi katikati. Kama muko batu mbili na hakuna ingine, kila moja anakamata miguu ya nyuma ya mbwa moja, juu kabisa karibu na nyonga, na munarudi nyuma kwa kuzunguka pamoja, usimuachie mpaka kuko mulango katikati yao. Kamba ku mashingo ingekusaidia hapa, njo sababu nilisema zibakie.

Kiisha uangalie bien chini ya nywele, meno ya mbwa inafanya katobo kadogo ya inje na ndani kunaoza. Osha, veterineri. Siku mbili ao tatu basionane kabisa, kiisha munarudi ku mwanzo, ku barabara, mita 15. Haiko adhabu, ni kwamba kumbukumbu mubaya inafunikwa na mingi ya muzuri.

Muda? Batu ya mbwa banapenda kusema siku tatu, wiki tatu, miezi tatu: siku tatu mugeni eko na woga, hakuli bien, anajificha, wiki tatu ameanza kuonyesha tabia yake ya kweli, na hapa njo batu bengi banashangaa kuona vita ya kwanza wakati balifikiri imekwisha, miezi tatu anajua ni kwake. Haiko sheria, lakini inasaidia kuvumilia. Kuko bale benye habatawezana. Ukiona moja anamuwinda mwenzake, anamungojea ku kona, ule mwengine ameacha kula na anakojoa akimuona, na kila vita inazidi ya mbele, tafutia mugeni nyumba ingine wakati eko muzima. Mutu unamujua. Hapana kwenda kumumwanga ku soko ya Virunga usiku, mbwa ya kumwangwa njo ule ataumiza batoto ya batu.

Kama vitu inaenda muzuri, utauliza lini unaweza kubaachia peke yao. Usianze na siku ya kazi. Fungua bote, toka mpaka ku robine ya jirani, rudi. Kesho mpaka ku butike, rudi. Fasi bila sahani, bila mufupa, na mugeni awe na kanjia ya kukimbilia yenye Bobi hawezi kumufungia. Ukirudi usibasalimie ku portaye na makelele, ingia kimya, tembea mpaka katikati ya parseli, hapo njo ubaguse, wa zamani kwanza.